Boya la Pacha wa Pili

Boya lilionekana Ijumaa asubuhi, limekwama kwenye matete upande wa kusini wa bandari. Aliyeliona ni muuza samaki aliyekuwa akinawa miguu, na kabla hajamaliza kunawa mji mzima ulikuwa umeshajua kwamba meli imezama. Lilikuwa boya la kuokolea watu, la kawaida kabisa, pete nyeupe yenye mistari myekundu, na juu yake yameandikwa kwa rangi nyeusi maneno PACHA WA PILI. Meli ya jina hilo ilikuwa imeondoka gatini Alhamisi jioni ikiwa na nahodha na mabaharia wawili. Usiku ikapiga dhoruba, na hakuna bandari yoyote ya ziwa hilo iliyoiona tena.

Basi watu wakafanya kile wanachokijua kuliko vyote, yaani kulilaumu ziwa. Ni ziwa pana, ukisimama ukingo mmoja huoni wa pili, na lina tabia ya kuchafuka ghafla hata siku ya jua. Kwa sababu hiyo limegeuzwa jalala la visingizio. Meli iliyojazwa mizigo kupita kiasi ikizama, ni ziwa. Nahodha mlevi akipanda mwamba, ni ziwa. Asubuhi ile wazee kwa vijana walikaa gatini wakitaja meli zilizopotea tangu enzi za babu zao, kila mmoja akitia chumvi ya kwake, na walionekana kuifurahia sana kazi hiyo.

Inspekta hakuwa na subira na maneno ya namna hiyo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, aliyechelewa kupanda cheo kwa sababu uso wake haukuweza kuficha alichofikiri juu ya wakubwa zake. Alipofika ofisini kwa mkuu wa bandari alikuta uchunguzi umeshakwisha bila yeye. Boya lilikuwa juu ya meza, limetandikiwa gazeti lisije likalowanisha kitambaa, na mkosaji alikuwa ameshapatikana.

Mkosaji mwenyewe ni mlinzi wa mnara wa taa ulioko rasini, mtu ambaye bandari nzima ilimwita Mwasha Taa. Ilisemekana alilala, taa ikazimika, meli ikapanda mwamba. Shahidi alikuwepo. Upande wa pili wa rasi kuna chelezo, mahali meli zinapovutwa nchi kavu kutengenezwa, na mlinzi wa chelezo aliapa kwamba usiku ule mnara ulikuwa giza tupu. Kikao cha uchunguzi kingekaa Jumatatu, na mkuu wa bandari hakuficha kwamba angependa kiishe kabla ya chakula cha mchana.

Kwenye kochi alikaa mwenye meli. Kila mtu alimwita Bosi, na yeye mwenyewe alijiita hivyo. Alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba, kiunoni akaning'iniza pete ya chuma yenye funguo nyingi, na alikuwa akipangusa kwa leso mashavu ambayo hayakuwa na chozi hata moja.

Bosi alieleza msiba wake kwa urefu. Baba yake aliunda meli mbili zinazofanana kila kitu, Pacha wa Kwanza na Pacha wa Pili, na alipofariki Bosi alizishika zote. Dada yake akaenda mahakamani. Mahakama ikampa dada Pacha wa Pili, meli nzima yenye injini mpya, ikamwachia Bosi Pacha wa Kwanza, ambayo ilikuwa imekaa chelezoni siku nyingi na injini yake mbovu. Makabidhiano yalikuwa yafanyike Jumatatu hiyohiyo. Na huyo Mwasha Taa ndiye mume wa dada yake.

"Kwa hiyo mimi sijapoteza kitu, mama," alisema Bosi. "Aliyepoteza ni dada yangu, na aliyempotezea ni mumewe. Walikuwa wanasherehekea ushindi wao, jamaa akalewa, akalala. Ndiyo matokeo ya kuolewa na mtu hana mbele wala nyuma."

Mkuu wa bandari alitikisa kichwa kwa huruma. Inspekta hakusikia huruma yoyote. Alilinyanyua boya akaligeuza. Pete ilikuwa nzima, haina ufa. Upande mmoja rangi ilikuwa imelika kwa kusuguliwa muda mrefu, na katikati ya mchubuko huo palikuwa na mikwaruzo miwili myembamba iliyozama, imelala sambamba. Akauliza ni kitu gani kinasugua boya namna ile. Mkuu wa bandari, ambaye kazi yake ni kukagua maboya, hakujua. Inspekta akalitia boya kwapani akaondoka nalo, akiacha nyuma malalamiko kuhusu kielelezo cha kikao.

Kituoni, alikofungiwa Mwasha Taa, dada yake Bosi alikuwa amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, na chakula alichomletea mumewe kilikuwa kimepoa mapajani mwake. Alisimama alipomwona Inspekta.

"Afande, niambie ukweli. Jumatatu watamfunga?"

"Wakimkuta na kosa, watamfunga, na si kidogo. Wanasema watu watatu wamekufa."

"Meli na ipotee," mama yule alisema. "Mimi nilikwenda mahakamani kudai haki yangu tu. Sikujua kwamba nitailipa kwa mume."

Inspekta hakuwa mtu wa kubembeleza, lakini aliamuru chakula kipelekwe ndani, kisha akaenda kumsikiliza mtuhumiwa.

Mwasha Taa alikuwa mtu mwembamba wa sauti ya chini. Alisema taa iliwaka usiku kucha na hajaonja pombe maishani. Alisema aliiona Pacha wa Pili ikitoka gatini na taa zake, lakini badala ya kushika njia ya ziwa kuu, ikazunguka rasi ikapotelea nyuma yake. Alidhani nahodha anajikinga na upepo. Baadaye, mvua ikiwa imekolea, mwanga wa mnara ulipozunguka ulimwonyesha meli ikitoka nyuma ya rasi na kuelekea kilindini. Haikuwa na taa hata moja, na injini yake ilikuwa ikikohoa.

"Injini ya Pacha wa Pili inakohoa?" Inspekta aliuliza.

"Hapana, afande. Shemeji aliifunga mpya. Ile haisikiki hata ukiwa karibu."

Sajini aliyekuwa akiandika maelezo alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Kwake hiyo ilikuwa meli ya mashetani, na mshitakiwa alikuwa anatafuta pa kutokea. Yeye Sajini alikuwa na mtu wake tayari. Alikuwepo nahodha mmoja aliyefukuzwa kazi na Bosi, akiitwa Chupa kwa sababu zinazojulikana, ambaye aliwahi kuapa mbele ya watu kwamba atazizamisha meli zote mbili. Sajini aliomba ruhusa, akachukua askari wanne na gari, akazunguka mji mzima kiguu na njia. Alirudi saa kumi na kumkuta Chupa kituoni, mahabusu ya pili kutoka mlangoni. Alikuwa humo tangu Alhamisi mchana kwa kosa la kuvunja viti vya baa, na aliyemfungia ni Sajini mwenyewe.

Kwa aibu Sajini akaja na wazo jingine, kwamba huenda nahodha na mabaharia wake wameiiba meli wakatoroka nayo.

"Wakaipeleka wapi?" Inspekta alimuuliza. "Hili ni ziwa, Sajini. Halina mlango. Meli ikiingia humu ama iko chini, ama iko ukingoni mahali fulani, na mtu anaitazama kila siku bila kutumia akili."

Jumamosi alimtembelea Bosi ofisini kwake, juu ya ghala karibu na gati. Chumba kizima kilikuwa na kufuli. Madroo yana kufuli, kabati la vikombe lina kufuli, hata dirisha linalotazama ziwani lilikuwa limefungwa kufuli kwa ndani. Bosi alifungua kabati, akatoa kikombe kimoja, akafunga tena. Inspekta alikikataa kikombe hicho. Aliweka boya mezani akaonyesha mchubuko.

"Ah, huo ni mnyororo," Bosi alisema kwa fahari. "Maboya yangu yote nimeyafunga mnyororo na kufuli. Abiria wetu hawa unawajua. Ukimwachia boya peupe, kesho watoto wake wanaogelea nalo."

"Na meli ikizama?"

"Mbona haijawahi kuzama?" Bosi alisema, kisha akakumbuka. "Yaani, kabla ya hii."

"Nahodha ana ufunguo?"

"Ufunguo ninao mimi." Alipigapiga pete ya kiunoni. "Nahodha naye ni binadamu, mama. Ataiba tu."

Inspekta alimtazama kwa muda. Alikuwa ameshakutana na wauaji aliowaona wana afadhali. Mtu huyu alikuwa amepakia mamia ya watu juu ya maji yasiyo na huruma, akawanyima hata pete ya kushika, na akalisimulia jambo hilo kama mtu anayesimulia ujanja wake. Na mkuu wa bandari alikuwa akipitisha meli hizo kila mwaka bila kupanda, kwa sababu ngazi zinamuumiza magoti.

"Basi hili lilifunguliwa na nani?" aliuliza. "Pete ni nzima. Haikukatwa."

"Nahodha atakuwa amekata mnyororo kwa shoka. Kufa kupona, mtu anafanya lolote."

"Akahangaika na shoka kwenye dhoruba, akalipata boya, halafu asilishike?"

"Hofu, mama. Hofu inamtoa mtu akili."

Inspekta aliomba akaione Pacha wa Kwanza, maana kama meli ni pacha basi na maboya yake yamefungwa vilevile. Bosi alisema ile ni chuma chakavu tu, na tena chelezo chake kimefungwa. Wafanyakazi wote aliwapa likizo tangu Jumatano, kwa sababu ya msiba huu. Inspekta alimshukuru akashuka ngazi. Chini kabisa alisimama akacheka peke yake, kicheko kisicho na furaha. Msiba ulitokea Alhamisi.

Jumapili mchana, siku moja kabla ya kikao, Inspekta alifika chelezoni na Sajini, boya kwapani, na nyuma yao dada yake Bosi aliyekataa katakata kubaki kituoni. Bosi aliitwa naye akaja, akilalamika kwamba hata siku ya mapumziko hapumziki. Mlinzi wa chelezo aliwafungulia lango. Yeye ndiye yule shahidi wa giza tupu, na kucha zake zilikuwa na rangi nyeupe mpaka kwenye mizizi.

Meli ilikuwa juu ya magogo, nchi kavu, inanuka rangi. Ubavuni iliandikwa PACHA WA KWANZA kwa herufi zinazong'aa.

"Kwa chuma chakavu, imependeza," Inspekta alisema.

"Nimeipaka rangi kwa heshima ya marehemu baba."

"Nani kapaka, na wafanyakazi wako likizo?"

Bosi alimtazama mlinzi, na mlinzi akaficha mikono nyuma. Walipanda ngazi. Sitahani maboya yalitundikwa kwenye reli, kila moja limepitishiwa mnyororo na kufungwa kufuli, na kila moja limeandikwa jina la meli kwa rangi mpya. Upande wa ziwa kulikuwa na ndoano moja tupu. Chini yake mnyororo ulining'inia, na kufuli lake lilikuwa wazi, limetundikwa kwenye pingili ya mwisho bila hata mkwaruzo.

"Hapa pana boya limekosekana," Inspekta alisema.

"Si nilikwambia? Wezi."

"Mwizi mwenye ufunguo."

Inspekta aliuvuta mnyororo akaukagua pingili kwa pingili. Moja ilikuwa imewahi kukatika, na mtu bahili, badala ya kununua mnyororo mwingine, aliiunga kwa waya mnene uliozungushwa mara mbili. Alilitundika boya la Pacha wa Pili kwenye ndoano, akauzungusha mnyororo. Ule mchubuko ulilala chini ya pingili, na waya ukaingia barabara kwenye ile mikwaruzo miwili. Halafu akaliendea boya la jirani, akakwangua kwa ukucha neno KWANZA. Chini ya rangi ile laini, bado haijakauka vizuri, likatokea neno PILI.

Sajini aliacha kutafuna alichokuwa akitafuna.

"Boya hili halikutoka kwenye meli iliyozama," Inspekta alisema. "Limetoka kwenye hii. Hii ndiyo Pacha wa Pili, Bosi. Alhamisi ilitoka gatini watu wakaiona, ikazunguka rasi, ikapanda hapa. Wafanyakazi ulishawaondoa siku moja kabla. Mkaishusha ile mbovu, mkaipeleka kilindini bila taa, inakohoa njia nzima, mkaizamisha. Kisha ukahitaji kitu chenye jina la Pacha wa Pili cha kuokotwa kwenye matete. Ukachukua ufunguo wako, ukafungua boya moja, na kwa kuwa hujawahi kudhani boya lina kazi yoyote, hukuona kama pengo lake linaonekana."

"Maneno matupu," Bosi alisema. "Nahodha wangu amekufa, mama, unamchezea marehemu."

Mtu akakohoa. Kikohozi kilitoka nyuma ya mlango wa chumba cha nahodha, kirefu, cha mtu aliyevuta harufu ya rangi mpaka basi. Wote waligeuka. Mlangoni, kwa nje, palikuwa na kufuli.

Inspekta alinyoosha mkono. Bosi alisita, Sajini akasogea hatua moja, na pete ya funguo ikatoka kiunoni. Ufunguo wa nne ndio uliofungua. Marehemu alitoka akiwa na fulana, macho mekundu, akaanza kulalamika kabla ya kuulizwa. Bosi alimwambia ni siku mbili tu. Mabaharia wawili walipelekwa ng'ambo na posho yao, lakini yeye nahodha, Bosi alimwona ni domo kaya, akamfungia. Walivunja koki za chini, ziwa likaingia, wakarudi kwa mtumbwi. Taa ya mnara? Ilikuwa inawaka, iliwaumiza macho kila ilipozunguka.

Dada yake Bosi alikuwa ameshika reli kwa mikono miwili. "Kaka," alisema taratibu, "kwa nini?"

Bosi alivua miwani. Kwa mara ya kwanza uso wake ulionekana mzima, na hapakuwa na majuto humo. "Unauliza kwa nini? Baba aliunda meli hizi, mimi nikazibeba mgongoni miaka yote. Leo anakuja mwanamke na karatasi ya mahakama, anachukua iliyo nzuri, aende kumpa mwasha taa aiendeshe? Watu wangenicheka. Bora ziwa lichukue lawama, limezoea."

"Na mume wangu? Ungemwacha aozee ndani?"

"Mwasha taa tu yule," Bosi alisema. "Nani angejua kama hayupo?"

Aliyejibu ni Inspekta, akimfunga pingu. "Taa yake ndiyo iliyokuonyesha. Twende. Na ufunguo wa pingu hizi ninao mimi, usihangaike kuutafuta kiunoni."

Jumatatu kikao kilikaa na kikaisha kabla ya chakula cha mchana, kama mkuu wa bandari alivyotaka, ingawa si kwa mwisho aliouandaa. Alisimama akahutubia juu ya umakini wa ofisi yake katika kufichua njama hiyo, na wengi walipiga makofi. Inspekta alikuwa ameketi safu ya mbele, na uso wake ulimchelewesha cheo tena. Alasiri hiyo Mwasha Taa alitoka mahabusu. Mkewe alimpokea mlangoni, akamshika mkono mbele ya askari wote, na walikwenda hivyo mpaka wakapotea machoni.

Gatini watu walikuwa wameshasahau kwamba waliwahi kulilaumu ziwa. Sasa kila mmoja alikuwa ameshuku tangu mwanzo.

Siku aliyokabidhiwa meli yake, mama yule aliomba apewe na funguo. Alizunguka sitaha nzima akifungua kufuli moja baada ya jingine, akavuta minyororo, akaitupa yote ziwani. Wapakia mizigo walisimama kumtazama, na mmoja akamwonya kwamba maboya yale yataibiwa. Safari ya tatu haikufika boya moja halikuwepo. Sajini alilileta jambo hilo kwa Inspekta akiwa anacheka, kwamba yule Bosi kumbe alikuwa anawajua watu.

Inspekta alipita gatini jioni akatazama juu. Wezi walikuwepo kweli, na baadhi yao huenda walikuwa wamesimama pale pembeni yake. Kwenye ndoano iliyoachwa tupu na mwizi, mama alikuwa anatundika boya jingine jipya, na mkononi hakuwa na kufuli.